Mungu jua kwenye sarafu za Constantine

Husimuliwa kwamba Kaizari Constantine wa Roma, baada ya ushindi wake wa mwaka 312 kwenye daraja la Milvio karibu na jiji la Roma, aliifuta miungu ya kale papo hapo na kuweka msalaba kwenye sarafu. Sarafu zenyewe zinakataa. Kwa miaka kadhaa baadaye sarafu zake za shaba zilimwonyesha Sol, mungu jua: taji la miale kichwani, mkono wa kulia juu, tufe katika wa kushoto, na maandishi SOLI INVICTO COMITI, yaani kwa Jua lisiloshindwa, mwandani wa Kaizari. Alama ya Kristo, yaani herufi mbili za kwanza za jina lake kwa Kigiriki zilizounganishwa, ilikuwa nadra mno. Ninayoipenda zaidi ni sarafu ya shaba iliyotengenezwa Constantinople (Istanbul ya leo), ya mwaka 327: bendera yenye alama hiyo juu, mlingoti ukimchoma nyoka.