Wapangaji wa Minnesota: Nafuu Yenu Sasa Hudaiwa Ndani ya Ritani

Agosti ikifika, bado tunapokea wapangaji wanaoomba fomu M1PR, ya kurudishiwa sehemu ya ushuru wa majengo. Fomu hiyo sasa ni ya wanaomiliki nyumba wanazoishi. Kuanzia mwaka wa ushuru wa 2024, mpangaji hudai nafuu yake (Renter's Credit, fedha ambazo jimbo humlipa kwa ushuru wa jengo uliomo ndani ya kodi yake) kwenye ritani ya ushuru ya jimbo, fomu M1, akiambatisha jedwali M1RENT, na siku ya mwisho ni Aprili 15. Ikiwa ulishawasilisha ritani ya 2024 ukaisahau nafuu hii, irekebishe kwa fomu M1X. Una hadi Oktoba 2028.

Kwa mwaka huo wa 2024, kipato chako kilitakiwa kuwa chini ya dola 75,389, na malipo ya juu kabisa yalikuwa dola 2,640. Viwango hubadilika kila mwaka, basi usitumie jedwali la mwaka jana. Hata asiyedaiwa ushuru wowote hulipwa, mradi ajaze ritani. Na hapa niseme wazi, kwa sababu uvumi kwamba mwenye nyumba ndiye hulipa umewanyima wengi haki yao: fedha hizi hazitoki mfukoni mwa mwenye nyumba. Zinatoka jimboni. Kuzidai si kumshtaki mtu.

Msingi wa dai ni CRP (Certificate of Rent Paid), hati inayoonyesha kodi ya nyumba uliyolipa mwaka mzima. Mwenye nyumba anapaswa kukupa kufikia Januari 31, na akikataa bila sababu ya msingi anaweza kutozwa faini ya dola 100 kwa kila hati. Sheria hii inamhusu pia ndugu yetu aliyekupangisha chumba cha chini nyumbani kwake na kupokea pesa taslimu. Tunajua kuna aibu ya kumdai mtu mnayesali naye kanisa moja au msikiti mmoja. Mwombeni kwa heshima, lakini mwombeni. Ikishindikana, piga simu Idara ya Ushuru ya Minnesota uombe hati ya kiapo inayochukua nafasi ya CRP. Uwe na jina, anwani na simu ya mwenye nyumba, miezi uliyokaa na kiasi ulicholipa, pamoja na stakabadhi. Usijiandikie CRP mwenyewe. Dai la uongo hukataliwa, na kama ulishalipwa utarudisha pesa pamoja na riba na faini.

Malalamiko mengi ni ya wanaoishi pamoja. Chukua vijana watatu, hakuna aliyeoa, katika nyumba moja ya Brooklyn Park yenye kodi ya dola 1,500 kwa mwezi. Mmoja ndiye hulipa yote, wenzake wananunua chakula. Kwa mwaka ni dola 18,000, lakini kila mmoja hupewa CRP yake ya dola 6,000. Haijalishi hundi ilikuwa ya nani, wala jina la nani liko kwenye mkataba. Tumelieleza hili mara nyingi mno, na bado watu wanakuja na dai la dola 18,000 kwa jina moja. Asilimia 17 ya fungu lako, hapa dola 1,020, huhesabiwa kuwa ushuru wa jengo uliobebwa na mpangaji, kisha hulinganishwa na kipato chako. Hiyo 1,020 yenyewe siyo hundi utakayopokea. Mume na mke wanaoishi pamoja hupewa CRP moja.

Anayesaidiwa na Section 8, mpango wa serikali wa kusaidia kulipa kodi ya nyumba, huhesabu sehemu aliyolipa yeye tu. Jengo lisilolipiwa ushuru wa majengo, kama mabweni mengi ya vyuo, halina nafuu. Mwanafunzi ambaye wazazi wanamweka kwenye ritani yao kama tegemezi hawezi kudai.

Ukihama katikati ya mwaka, unahitaji CRP kutoka kwa kila mwenye nyumba. Waachie anwani yako mpya kabla hujarudisha funguo.