Sanamu ya vitu vilivyookotwa ni nini?

Ni kazi ya sanaa inayoundwa kwa vitu vilivyokwisha kutumiwa na watu: mizani ya duka, dumu la mafuta, cherehani iliyokufa. Msanii hachongi gogo wala hafinyangi udongo. Anachagua, anapanga, anaunganisha, na anakiacha kila kitu kitambulike. Fundi anayetengeneza jiko la mkaa kwa debe anataka bati tu; debe lilibeba nini halimhusu. Kwa msanii huyu, kilichobebwa ndicho habari yenyewe.

Kwa kawaida historia yake huanzia kwa Marcel Duchamp, msanii wa Kifaransa aliyefunga gurudumu la baiskeli juu ya stuli mwaka 1913. Mimi naona mifano ya Afrika inaeleza vizuri zaidi. Mwaka 2001 Cristóvão Canhavato wa Msumbiji aliunda kiti cha enzi kwa bunduki zilizokusanywa baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Romuald Hazoumè wa Benin aliunda mashua kwa madumu, ikaoneshwa Kassel, Ujerumani, mwaka 2007. Ilihusu watu wanaohatarisha maisha baharini ili wafike Ulaya, na nchini kwake madumu ya aina hiyo ndiyo yanayobeba petroli ya magendo kutoka Nigeria. Picha iliyochorwa kwa rangi isingeweza kusema hivyo.

Sasa iangalie Mbeya, kusini-magharibi mwa Tanzania, ambako sanamu kama hizi zingeweza kusimulia habari za wahamiaji. Mji ulikua kwa dhahabu ya Lupa, kule Chunya, miaka ya 1920 na 1930. Walikuja wachimbaji wa Kizungu, wafanyabiashara wa Kihindi, vibarua kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini (Malawi na Zambia za leo). Wakati wa Vita Kuu ya Pili, wakimbizi wa Kipolandi waliwekwa Ifunda, Iringa, na Kidugala, Njombe. Kati ya 1970 na 1975 Wachina walijenga reli ya TAZARA bega kwa bega na Watanzania na Wazambia. Wengi wao wameondoka. Sheria ya mwaka 1971, iliyotaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, iliwasukuma Waasia wengi wenye asili ya India kuhama nchi, ingawa mtaa wa Uhindini bado unaitwa Uhindini.

Makaratasi ya serikali yanataja leseni, kodi na wakubwa. Mwenye duka alipimaje sukari, kibarua alisafiri na sanduku gani, hayo hayaandikwi. Yanabaki kwenye vitu, na vitu vinauzwa kwa kilo. Mnunuzi wa vyuma chakavu hamuulizi mtu mizani hiyo ilikuwa ya nani. Ikishaingia tanuru, imekuwa nondo.

Hapa ndipo kazi nyingi za aina hii zinapoanguka. Kuchomelea masufuria ya zamani pamoja na kuyaita "kumbukumbu ya wahamiaji" hakutoshi. Lazima kwanza umtafute mzee wa mtaa umuulize sufuria lilitoka nyumba gani, nani alilipikia, alienda wapi, halafu majibu yake yaandikwe pembeni ya sanamu, hata kama ni mistari miwili. Bila hayo ni pambo la hotelini.

Na vyuma vya TAZARA viacheni palepale relini. Kuving'oa ni hujuma, hata ukimwambia polisi kwamba wewe ni msanii.