Tovuti iko nyumbani, mlango uwe kwingine

Miongozo mingi ya kuendesha tovuti kwenye seva ya nyumbani huanza na agizo lilelile: ingia kwenye ruta, fungua poti 80 na 443 (milango inayotumiwa na tovuti), zielekeze kwenye kompyuta yako. Kwa wengi wetu huku Afrika Mashariki agizo hilo halizai kitu. Mtu anakesha na ruta, anabadilisha hiki, anazima kile, kumbe ruta haina kosa lolote.

Tatizo liko juu yake, kwa mtoa huduma wa intaneti. Anwani za IPv4, namba zinazotambulisha mitandao na vifaa kwenye intaneti, ni haba, na tangu 2020 AFRINIC, taasisi inayozigawa barani kwetu, inatoa mafungu madogo madogo tu. Kwa hiyo kampuni za simu, na hata baadhi ya zile za faiba, huwarundika wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma. Kujua kama na wewe umo ni rahisi. Fungua ukurasa wa ruta, tafuta anwani ya upande wa WAN (unaotazama intaneti), kisha ilinganishe na ile unayoonyeshwa na tovuti yoyote ya kutazama IP yako. Zikilingana, una anwani yako mwenyewe. Zikitofautiana, hasa kama ya kwenye ruta iko kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, umo kwenye foleni ya pamoja, nyuma ya anwani moja na wateja wengine. Anwani hizo zilitengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyohiyo, na hakuna poti utakayofungua nyumbani itakayoonekana nje.

Wapo watoa huduma wanaokubali kukuuzia anwani ya kudumu. Hata hivyo mimi nisingeichukua kwa ajili ya tovuti. Ukishafungua poti nyumbani, anwani ya nyumba yako inakuwa ndiyo anwani ya tovuti, na kila anayeigonga tovuti anagonga ruta ileile inayotumiwa na watoto, runinga na kamera.

Ninachowawekea watu ni hiki: seva ndogo ya kukodi yenye anwani ya umma, na handaki la WireGuard, programu inayounganisha kompyuta kwa njia iliyosimbwa, linaloanzia nyumbani kwenda kwenye seva hiyo. Kwa kuwa muunganisho unaanzia ndani, ruta haiguswi na foleni ya mtoa huduma haina la kuzuia. WireGuard imo ndani ya Linux yenyewe tangu toleo la 5.6. Upande wa nyumbani usisahau mstari wa `PersistentKeepalive = 25`; bila huo, mtandao ukikaa kimya kidogo mtoa huduma hulisahau handaki lako, na mgeni anakuta tovuti imelala.

Seva ya kukodi ipokee poti 80 na 443 na kuzipitisha zilivyo hadi nyumbani. Caddy, programu inayowapa wageni kurasa za tovuti, ikiwa nyumbani itaomba cheti cha Let's Encrypt (cha bure, kinachowezesha https) na kukihuisha bila kukusumbua. Usimbaji ukifunguliwa nyumbani, mwenye seva ya kukodi anaona data ikipita lakini hawezi kuisoma hivi hivi tu. Hapo ndipo tofauti na Cloudflare Tunnel, handaki la kampuni ya Cloudflare, ilipo. Ile ni rahisi kuiweka na haihitaji kukodi seva, ila data inafunguliwa kwao katikati kabla ya kukufikia. Kwa blogu, sawa kabisa. Kwa rekodi za wagonjwa au nyaraka za wateja, mimi sikubali.

Halafu kuna umbali, jambo ambalo miongozo ya Ulaya haina haja ya kuligusa. Ukikodi seva Frankfurt huku tovuti iko Dar es Salaam, ombi la msomaji wa Mwanza linaenda Ujerumani, linarudi Dar, jibu linapanda tena Ujerumani, ndipo linashuka Mwanza. Bahari inavukwa mara nne kwa ukurasa mmoja! Tafuta seva Nairobi au Johannesburg, hata ikizidi bei kidogo.

Sasa usalama. Wengi wakishaweka handaki huliona kama ukuta. Handaki ni njia, na anayeiteka seva ya kukodi ameshaishika njia ya kuingia kwako. Ichukulie seva hiyo kama mtu baki. Faiwoli ya kompyuta ya nyumbani iruhusu poti 80 na 443 pekee kutoka kwenye handaki, na mengine yote ikatae. Kompyuta yenyewe iweke kwenye mtandao wa wageni wa ruta, ikiwa ruta yako inautenga kweli na mtandao wa familia.

Kwenye seva ya kukodi, weka `PasswordAuthentication no` kwenye SSH (njia ya kuiendesha seva ukiwa mbali) na utumie ufunguo badala ya nenosiri. Kisha ruhusu SSH kupitia WireGuard tu, baada ya kuhakikisha kwamba koneso ya aliyekukodisha seva (ukurasa wa kuiingia seva bila SSH) inafanya kazi, usije ukajifungia nje.

Wanaotumia Docker, programu ya kuendesha kila huduma kwenye kisanduku chake, wana mtego wao. Ukiandika `8080:80`, Docker huifungua poti hiyo kwa dunia nzima na kuiruka ufw, faiwoli ya Linux. Ufw itakuonyesha poti imefungwa, na wakati huohuo mtu yuko ndani. Andika `127.0.0.1:8080:80`, Caddy ndiyo iifikie.

Usitegemee pia kwamba hakuna anayeijua tovuti yako. Kila cheti kinachotolewa huandikwa kwenye daftari la wazi ambalo yeyote anaweza kulisoma, na roboti hulisoma mchana na usiku. Ukiomba cheti cha `kamera.` ikifuatiwa na domeni yako, umeshatangaza kwamba una kamera. Fungua logi (kumbukumbu ya maombi yanayoifikia tovuti) muda mfupi baadaye: utakuta maombi ya `/.env`, `/.git/config` na `/wp-login.php`, hata kama hujawahi kuiweka WordPress. Hayo yasikutishe, mradi faili hizo hazipo. Unaoweza kukuumiza ni mlango ulioufungua kwa hiari yako: programu ya zamani isiyosasishwa, au ukurasa wa msimamizi ambao nenosiri lake ni lile lililokuja nao. Washa masasisho ya usalama ya moja kwa moja. Kitu unachokitumia wewe na familia tu, kama picha au kamera, kisiwe na anwani ya umma kabisa. Simu zenu ziunganishwe kwa WireGuard.

Kuhusu umeme nitasema kwa ufupi. Laptop ya zamani inafaa kuliko kadi ya SD kwenye Raspberry Pi, kwa sababu betri yake inavumilia umeme ukikatika, na kadi za SD huharibika zinapokatwa katikati ya kuandika. Ruta nayo ipate betri yake, la sivyo laptop itabaki macho peke yake bila mtandao.

Ukimaliza, zima Wi-Fi, washa data ya simu, uunganishe kompyuta nyingine kupitia simu hiyo na uikague anwani ya seva ya kukodi kwa nmap (programu ya kutafuta poti zilizo wazi), poti zote 65,535 za TCP. Zinazotakiwa kuonekana wazi ni 80 na 443. WireGuard haitajitokeza, kwa kuwa hutumia UDP, si TCP, na haimjibu asiye na ufunguo. Ikijitokeza poti ya tatu, anza kuitafuta kwenye faili za Docker, kama unaitumia kwenye seva hiyo.