Tairi mbili mpya hufungwa nyuma, hata kama mkia wa gari utacheza wiki ya kwanza

Alhamisi asubuhi, kabla sijamaliza chai, Premio, gari dogo la Toyota, niliyoifunga tairi mbili mpya Jumanne iliingia tena karakanani. Mwenyewe alishuka akaniambia, "Fundi, gari langu lilikuwa sawa. Tangu unifungie hizi tairi, nyuma inacheza kama mkia wa samaki. Zihamishe mbele, huko ndiko kazi iko." Huyu ni wa tano mwezi huu, na watano wote wamesema karibu maneno yale yale. Nimechoka kulieleza jambo hili nikiwa nimeinama chini ya gari huku mteja akitazama saa, kwa hiyo leo naliandika lote.

Nianze na alipokuwa sahihi. Gari lilikuwa linacheza kweli. Nilipanda nalo hadi Enterprise Road hapa Nairobi na kurudi, na kila nilipogeuza usukani ghafla, nyuma ilichelewa kidogo kufuata. Hakuwa anaota. Kosa lake lilikuwa kudhani kwamba kucheza huko ni ugonjwa, na kwamba dawa yake ni kuzipeleka tairi mpya mbele.

Chukua raba mbili za kufutia penseli, moja nzima na nyingine iliyokwisha ikabaki kipande. Zisimamishe mezani, uzibane kwa kidole, halafu uzisukume kando. Ile ndefu inapinda kwanza ndipo inasogea. Ile fupi inasogea hapo hapo. Tairi mpya ya gari dogo ina mifereji yenye kina cha kama milimita 8, na kati ya mifereji kuna vipande vya mpira vyenye urefu huo huo. Tairi iliyoisha imebakiwa na milimita 2 au 3, kwa hiyo vipande vyake ni vifupi na vigumu. Ukigeuza usukani, tairi iliyoisha husukuma barabara mara moja. Tairi mpya hupinda kidogo kwanza, ndipo isukume. Sasa ukiweka mpya nyuma na zilizoisha mbele, mbele inajibu haraka na nyuma inafuata kwa kuchelewa. Huko kuchelewa ndiko dereva anakohisi kiunoni na kukuita mkia wa samaki.

Juu ya hayo, tairi ikitoka kiwandani huwa na utando mwembamba unaoteleza, kwa sababu ndani ya kalibu, lile umbo la chuma linaloipa tairi sura, hupakwa dawa ya kuzuia mpira usinate. Utando huo huisha kwa kusuguana na lami. Vitabu hutaja kilomita 300, vingine 500. Mimi nimeona magari yaliyotulia kabla ya kilomita 100, na mengine yaliyochukua karibu mwezi, na bado sijapata kanuni moja inayoeleza tofauti hiyo. Ninachomwambia kila mteja ni kwamba siku hizo za mwanzo asikate kona kwa kasi na asimkaribie aliye mbele yake, hasa kukinyesha.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniudhi hasa. Kwenye lami kavu, tairi iliyoisha hushika vizuri. Naam, nimesema hivyo, na ni mafundi wachache watakaokubali mbele ya mteja. Mpira mwingi unagusa barabara, haupindi, usukani ni mwepesi kujibu. Magari ya mashindano hukimbia kwenye lami kavu na tairi zisizo na mfereji hata mmoja. Kwa hiyo dereva wa Nairobi anayeendesha Januari na Februari akiwa na tairi mpya mbele na kipara nyuma atakuapia kwamba gari lake halijawahi kutulia namna hiyo. Na hadanganyi! Nyuma inajibu hapo hapo, mbele imelainika kidogo, gari linanyooka. Anachukua ushahidi wa miezi mikavu na kuingia nao kwenye masika ya Machi hadi Mei, na huko mambo yanageuka juu chini.

Maji yakituama barabarani, kazi ya mifereji ni kuyapa pa kutokea. Mifereji ikiisha, maji hujikusanya mbele ya tairi, yakaiinua, na gurudumu likaelea bila kugusa lami. Upepo ndani ya tairi ukiwa pungufu, kuelea kunakuja kwa kasi ndogo zaidi. Tairi za mbele zikielea, usukani unakuwa mwepesi ghafla na gari linaenda mbele tu, halikati kona. Dereva yeyote, hata aliyepata leseni jana, kwanza atainua mguu kwenye mafuta. Hapo amefanya linalofaa bila kujua, kwa sababu uzito unahamia mbele, kasi inapungua, tairi zinarudi chini. Lakini tairi za nyuma zikielea, hupati onyo lolote mikononi, maana mikono inahisi mbele tu, na mbele kuna tairi mpya zinazoshika vizuri. Nyuma inaanza kuzunguka kimya kimya. Ukishtuka na kuinua mguu, uzito unahamia mbele, nyuma inakuwa nyepesi zaidi na inazunguka kwa haraka zaidi. Kitendo kile kile kilichokuokoa kule ndicho kinachokumaliza hapa.

Miaka yangu ya mwanzo katika kazi hii nilikubali. Mteja alisisitiza mbele, mwenye karakana niliyofanyia kazi wakati huo akasema mpe anachotaka, nikazifunga mbele. Wiki mbili baadaye, mvua ikinyesha, gari hilo lilizunguka kwenye Southern Bypass, likatazama lilikotoka na kuishia kwenye majani. Mteja alitoka mzima. Alipokuja kuniona aliniambia, "Sikuelewa, usukani ulikuwa imara kabisa." Usukani ulikuwa imara. Sentensi hiyo haijaniacha mpaka leo, na ndiyo sababu sizifungi mbele hata mteja akitishia kwenda kwa jirani. Wengine wamekwenda.

Na hili si langu peke yangu. Michelin na watengenezaji wengine wakubwa wa tairi wanashauri hivyo hivyo, liwe gari linalovutwa na mbele au linalosukumwa na nyuma. Ukiniambia gari lako lina kompyuta ya kuzuia kuteleza, nitakujibu kwamba kompyuta hiyo huokoa gari kwa kufunga breki ya gurudumu moja moja, na gurudumu linaloelea juu ya maji halina cha kushika hata likifungwa breki. Ukiniambia tairi ya mbele ikipasuka utaanguka, ya nyuma ikipasuka ni ngumu zaidi kuidhibiti, kwa sababu ile ile.

Lakini haki itendeke. Wanaotaka mpya mbele wana hoja mbili ambazo siwezi kuzifuta. Ya kwanza ni breki. Ukikanyaga breki uzito huenda mbele, na tairi za mbele ndizo hufanya sehemu kubwa ya kusimamisha. Ukiacha za zamani mbele, kwenye maji utasimama mbali kidogo kuliko ungesimama na mpya. Ya pili ni tope. Anayeishi kwenye udongo mweusi wa pamba kule Kitengela au Kamulu, na gari lake linavutwa na magurudumu ya mbele, akiwa na tairi zilizochoka mbele atakwama langoni kwake siku ya kwanza ya mvua. Nimekwisha kumwambia mteja wa aina hiyo anunue nne au asubiri apate hela za nne. Kwa kawaida kipimo changu kikionyesha zinazobaki zina chini ya milimita 3, sipendi kuuza mbili. Ndani ya mifereji kuna vinundu vya mpira vyenye urefu wa milimita 1.6, tairi ikisuguka ikawa sawa navyo, imekwisha, lakini kwenye mvua ya Nairobi ushiko huwa umepungua zamani kabla ya kufika hapo.

Wenye Subaru na magari mengine yanayosukumwa na magurudumu yote manne, hili la mbele au nyuma haliwahusu. Tairi mpya ina mzingo, yaani urefu wa duara lake, mkubwa kuliko ya zamani, na gari linaposukuma pande zote, tofauti hiyo inasaga difu ya katikati, zile gia zinazogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, kila kilomita. Nunueni nne.

Mzingo huo pia unajibu lalamiko jingine ninalolipata baada ya kufunga nne, kwamba gari limeanza kunywa mafuta. Chukua saizi ya 195/65R15. Ikiwa mpya, mzunguko mmoja ni karibu milimita 1,993. Ikipoteza milimita 6 za mpira, mzunguko unashuka hadi karibu 1,956. Kompyuta ya gari huhesabu mizunguko tu. Ukienda Mombasa, karibu kilomita 480, gari lenye tairi mpya litaandika kama kilomita 9 pungufu ya litakachoandika likiwa na zilizoisha. Ukigawanya kwa lita, gari linaonekana limezidi kunywa, hata kama halijaongeza tone. Sehemu nyingine ni ya kweli: mpira mrefu unaopinda na kurudi hula nguvu, na tairi mpya ya aina ile ile huwa nzito kidogo kuzungusha kuliko ilivyokuwa ikikaribia kuisha. Na kwa kuwa mzunguko umekuwa mkubwa, saa ya mwendo ikionyesha 80 sasa unakwenda kasi kidogo kuliko ulivyokuwa ukienda saa hiyo hiyo ikionyesha 80.

Gari likivuta upande mmoja baada ya kufunga mpya, usikimbilie alaimenti, yaani kunyoosha mwelekeo wa magurudumu. Barabara zetu zina mteremko mdogo wa kumwaga maji kushoto, na hata gari lisilo na kasoro litavuta kushoto polepole. Likivuta kwa nguvu, mwambie fundi abadilishe za mbele kushoto kwa kulia, kama si zile zenye mshale wa kuonyesha upande wa kuzunguka. Mvuto ukihama upande, tairi yenyewe ndiyo mbovu, rudisha. Ukibaki pale pale, hapo sasa pima alaimenti, lakini bushi (mipira ya viungo vya magurudumu) na tairodi (vyuma vinavyogeuza magurudumu) zikaguliwe kwanza, kwa sababu alaimenti juu ya bushi iliyokufa ni hela zilizotupwa.

Upepo fuata kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva, hata kama kimeandikwa Kijapani. Namba 220 pale ni kilopaskali, sawa na kama 32 za PSI, kipimo tulichozoea. Wengi hujaza kupita hapo ili usukani uwe mwepesi, halafu wanashangaa tairi mpya kuisha katikati peke yake.

Turudi kwa mzee wa Premio. Sikuzihamisha. Nilipima upepo na nikaukuta mdogo nyuma kuliko nilivyouacha, kwa sababu valvu moja ilikuwa inavuja. Hilo ni kosa la kazi yangu na nililirekebisha bure. Nikakaza nati upya, nikamwonyesha za mbele zina milimita 4, nikamwandikia kwenye risiti usomaji wa kilomita za siku hiyo. Tumekubaliana akifikisha 400 zaidi arudi, tuende pamoja mpaka Enterprise Road. Nyuma ikiwa bado inacheza wakati huo, nitaanza na shokomzoba, maana ya kulia imelowa mafuta na nilimwambia hivyo tangu Jumanne.