Dami lodi ni kitu gani, na kwa nini fundi wa redio koli huanza nayo

Watu wa boti huja kwa fundi na neno moja tu, "redio haifiki". Nahodha yuko nje ya Nungwi anaita, wenzake hawako mbali lakini wanasikia mkwaruzo, basi anaambiwa redio imechoka anunue nyengine. Ananunua, anaifunga pale pale kwenye waya ule ule, na mpya nayo haifiki. Hapo ndipo utamjua fundi mwenye dami lodi na asokuwa nayo.

Dami lodi ni antena ya uongo. Unaichomeka nyuma ya redio pale pa waya wa antena, unabonyeza kitufe cha kuzungumzia, na nguvu yote inayotoka inaingia mule ndani inageuka joto, haiendi hewani (kidogo sana inavuja, redio ilokuwa meza ya pili itakusikia). Ndani mna rezista (kizuizi cha umeme, kipimo chake ni omu) ya omu 50 tu na nje mapezi ya aluminiamu ya kupozea. Ni omu 50 kwa sababu redio, waya na antena za vyombo zote zimetengenezwa kwa omu 50, kwa hiyo redio inaona imefungwa antena safi kabisa isiyo na ila. Ni sawa na kujaribu pampu ya maji kwa kumwagia kwenye pipa badala ya kulowesha nyumba nzima.

Sasa mtu atasema si ujaribu kwenye antena tu, kwani kuna nini. Kwanza chaneli 16, yaani megahezi 156.8, ni ya kuitana na ya dharura, wewe umekaa kibandani Malindi unasema "haloo haloo wani tuu" na kuna chombo huko kinaingiza maji kinaomba msaada, na redio hizi za boti ni za FM, zikipata sauti mbili chaneli moja ile yenye nguvu inaimeza dhaifu, hata mkwaruzo wake husikii. Pili ni kubonyeza bila ya kufunga kitu chochote nyuma: nguvu inakosa pa kwenda inarudi, na transista ya mwisho, ile inayosukuma nguvu kwenye antena, inaweza kuungua. Redio nyingi za sasa zina kinga, zinajishusha nguvu zenyewe, ila mie siwezi kuiweka redio ya mtu rehani kwa kinga ambayo sijaiona kama inafanya kazi.

Lakini faida kubwa ni kujua mgonjwa nani. Unaweka mita ya wati katikati, redio upande huu dami lodi upande ule, unabonyeza. Redio ya boti ya kufungwa kawaida inatoa wati 25 kwenye nguvu kubwa na wati 1 kwenye ndogo, ukiona 24 au 25 basi redio nzima, wacha kuifungua, panda juu ukatazame waya. Ukiona 6 tatizo liko mezani kwako. Dakika mbili tu, na umeshamwokoa mtu pesa ya redio. Mita nayo iwe ya masafa ya boti, yaani hizo megahezi 156, zile mita rahisi za redio za megahezi 27 zinakudanganya ukizipeleka juu huku. Mita ya Bird 43 ni ya zamani lakini mafundi wengi bado wanaiapia, unabadilisha kidude chake kulingana na masafa na wati, kukigeuza mshale unasoma nguvu inayokwenda au inayorudi.

Hapa kwenye nguvu inayorudi ndipo watu wengi wanapopotea, nipeni nafasi. Kipimo chake ndo wanaita SWR, 1 kwa 1 maana yake hakirudi kitu, 2 kwa 1 inarudi kama asilimia 11, 3 kwa 1 inarudi robo. Mtu anapima kule chini kwenye redio anapata 1.7 anafurahi, antena safi. Yakhe, hebu angalia hesabu: waya ule mwembamba wa antena, RG-58, ukiwa mzima, mita 15 tu zinakula nusu ya nguvu kwenye masafa ya boti. Ukishaingia maji ya chumvi na shaba ikageuka kijani inakula zaidi, tuseme inabakisha robo. Redio inatoa 25, juu inafika 6 na ushee, na kama antena imekatika kabisa zote hizo 6 zinarudi chini, njiani zinaliwa tena, mita inaona wati moja na nusu tu imerudi. Matokeo yake ni SWR ya 1.7 na antena haipo! Waya mbovu unaficha antena mbovu. Na dami lodi yenyewe ina SWR ya 1 kwa 1 na haifiki hata mlango wa pili, kwa hiyo SWR nzuri peke yake haikwambii kama unasikika.

Dawa yake ni kupanda na dami lodi na mita mpaka mwisho wa waya pale mlingotini, ukasome wati ngapi zinafika. Kazi ya jua kali na hapana njia ya mkato.

Kujitengenezea inawezekana, rezista 20 za kilo omu 1 za wati 2, ziwe za kaboni, ukizifunga sambamba unapata omu 50 na wati 40. Zile za kuzungushiwa waya usizitie, kwenye masafa ya juu zinakuwa koili. Balbu wapo wanaotumia, inawaka vizuri inapendeza, ila omu zake zinabadilika kila ikipata moto na yenyewe inarusha hewani.

Upande wa kusikia dami lodi haina msaada. Huko unataka jenereta ya mawimbi, unairushia redio ishara ndogo mno, redio nzuri inatoa sauti ya kueleweka hata kwa maikrovolti 0.25 (maikrovolti ni volti moja ukiigawa mara milioni). Sevisi monita ni sanduku lenye vyote hivyo pamoja, kuanzia jenereta, kipima masafa, kipima wati mpaka dami lodi ya ndani, na bei yake sikwambii. Ila lina matundu mawili, moja la kupokea wati na moja la kutoa ishara ndogo. Redio ikiwa kwenye hili la pili na mtu akabonyeza kitufe, wati 25 zinaingia kwenye kitu kilichozoea maikrovolti, na ukarabati wake unaweza kushinda bei ya redio kadhaa, ndo maana mafundi wengine huchomoa maiki kabisa wakaiweka mbali kabla hawajaanza kupima usikivu.