"It takes two to tango": maana yake na ulikotoka msemo huu

Wasemaji wa Kiingereza hutumia msemo huu, yaani "dansi ya tango huchezwa na wawili", wakimaanisha kwamba kuna mambo ambayo hayafanyiki mpaka wawili waridhie. Ni lugha ya mazungumzo, hutaukuta kwenye waraka rasmi. Mara nyingine huzungumzia ushirikiano: mapatano hayafikiwi ikiwa upande mmoja unavuta nyuma. Mara nyingi zaidi huzungumzia lawama, pale wawili waliogombana au waliofumaniwa wanapotaka kosa lote abebeshwe mmoja.

Tango ni dansi iliyozaliwa mwishoni mwa karne ya 19 katika mitaa ya makabwela ya Buenos Aires na Montevideo. Msemo wenyewe, hata hivyo, umetokea Marekani. Uliovumisha maneno haya ni wimbo "Takes Two to Tango" wa mwaka 1952, uliotungwa na Al Hoffman na Dick Manning na kuimbwa na Pearl Bailey. Waingereza tangu zamani walikuwa na methali kwamba ugomvi hauwi bila wawili. Wimbo ukauondoa ugomvi, ukaweka dansi. Novemba 1982, kiongozi wa Kisovieti Leonid Brezhnev akiwa ndiyo kwanza amefariki, Rais Ronald Reagan wa Marekani aliwajibu waandishi wa habari kwa msemo huo walipomuuliza kuhusu uhusiano na Muungano wa Kisovieti. Tangu hapo wanasiasa hawajauacha.

Yapo matumizi yanayoniudhi. Mwanamke amepigwa na mumewe, kisha anatokea mtu wa kumwambia kwamba tango huchezwa na wawili. Huo ni upotoshaji, na tango yenyewe inaukataa. Katika milonga, yaani kumbi za dansi hiyo, kuna desturi iitwayo cabeceo: mwanamume humtazama mwanamke kwa mbali na kumwashiria kwa kichwa. Mwanamke akiitikia kwa kichwa, wanakutana uwanjani. Akiangalia pembeni, hakuna dansi, na hakuna neno lililosemwa.

Kwa hiyo kabla ya kuutumia msemo huu, uliza kwanza kama kila mmoja alikuwa na nafasi ya kukataa. Mwajiri na chama cha wafanyakazi waliovunja mazungumzo, unawafaa. Washirika wawili wa duka waliokula mtaji pamoja, vilevile. Mtoto na mtu mzima aliyemdhuru, hapana kabisa.