Je, wajua kwa nini mtu hutoka ICU, yaani chumba cha wagonjwa mahututi, mzima lakini miezi inapita hawezi kubeba ndoo?

Tuseme ni mama anayeanika dagaa pale Kibirizi, Kigoma. Malaria kali ilimpanda kichwani, figo zikayumba, akalazwa ICU wiki mbili, siku kadhaa akipumua kwa mashine. Akaruhusiwa. Watu wakaja kumpa pole, kuku akachinjwa. Miezi mitatu baadaye bado hawezi kuinuka kwenye kigoda bila kushika ukuta, anakosea chenji, na usiku anashtuka akiwa ameloa jasho. Majirani wanaanza: si alishapona huyu? Anadeka tu.

Hadeki. Malaria imeisha, ila kulazwa kule kumemwachia ugonjwa wa pili.

Anza na misuli. Mwaka 2013 watafiti wa London walichapisha vipimo vya altrasaundi vya paja za wagonjwa mahututi: ndani ya siku 10 tu, msuli wa mbele ulikuwa umepungua kwa karibu asilimia 18. Huko si kukonda kwa kukosa ugali. Mwili unaopambana na maradhi makali huvunja misuli yake wenyewe, na kulala bila kujigeuza kunazidisha. Wakati mwingine hata mishipa ya fahamu inayoiamrisha misuli huharibika. Ndiyo maana uji wa lishe peke yake hautoshi. Mazoezi lazima yawepo.

Kichwa nacho huguswa. Mwaka huohuo, utafiti wa Marekani uliofuatilia wagonjwa 821 ulionyesha kwamba karibu robo tatu walichanganyikiwa wakiwa hospitalini. Mwaka mmoja baadaye, mmoja kati ya kila watatu waliopimwa tena alikuwa na alama za kumbukumbu na kufikiri kama za mtu aliyeumia kichwa kwa kiwango cha kati. Vijana pia walikuwamo.

Kuchanganyikiwa kwenyewe kunatisha. Mgonjwa huona watu ukutani, au huamini kwamba nesi anataka kumuua, na picha hizo huweza kubaki naye nyumbani kama majinamizi. Na sisi wa Kigoma tulivyosifika kwa mambo yale, mgonjwa akisimulia hayo mnajua wenyewe akili za watu zinakimbilia wapi. Kabla hamjafika huko, mwambieni daktari. Maambukizi makali, dawa za usingizi, kukosa hewa ya kutosha na kukosa usingizi wa kweli vyote huchangia.

Sasa, daktari anajuaje nani amerudi katika hali yake na nani bado? Kipimo ninachokipenda mimi ni cha dakika sita, kwa sababu kinafanyika karibu popote. Kwenye korido iliyonyooka ya mita 30 zinawekwa alama mbili, koni au hata chupa za maji zilizojazwa mchanga. Mgonjwa anakwenda na kurudi kwa mwendo wake, hakimbii. Akichoka anaegemea ukuta apumzike, ila saa haisimami. Mpimaji haruhusiwi kutembea naye bega kwa bega, maana atamvuta mwendo. Hata maneno ya kumtia moyo yamepangwa, ili mmoja asipewe shangwe na mwingine anyamaziwe. Mwisho zinahesabiwa mita, basi.

Madaktari wa Toronto walikitumia kipimo hiki kwa watu 109 waliopona ugonjwa mkali wa mapafu, umri wa kati miaka 44. Baada ya miaka mitano, umbali waliotembea ulikuwa asilimia 76 tu ya ule uliotarajiwa kwa watu wa rika lao, ingawa mapafu ya wengi yalikuwa yamerudi karibu na kawaida.

Nguvu za viungo hupimwa kwa mkono: bega, kiwiko, kifundo cha mkono, nyonga, goti na kifundo cha mguu, kulia na kushoto, kila sehemu alama 0 hadi 5. Jumla ni 60, na chini ya 48 huhesabiwa kuwa udhaifu.

Kwenye kumbukumbu ndipo mimi nina neno. Jaribio moja linalotumika sana humtaka mtu achore saa na mchemraba. Mama aliyeishia darasa la nne na hajashika penseli tangu hapo anaweza kupoteza alama kwa sababu ya shule, si kwa sababu ya ugonjwa. Lipo toleo la watu wasiosoma sana, lakini mimi ningemuuliza na hili: mteja katoa noti ya elfu kumi, kachukua dagaa wa elfu sita na mia tano, unamrudishia ngapi?

Jibu lake halina maana kama hujui alikuwaje zamani, na hapo ndugu ndio wanaohitajika. Alikuwa akipanda kilima kutoka ziwani na beseni kichwani? Alikuwa akisujudu na kuinuka bila shida? Alichuchumaa chooni bila kushikwa? Yaandikeni na mwende nayo kliniki, kwa sababu karatasi ya kuruhusiwa inaweza kueleza dawa zote bila kugusa hata moja kati ya hayo.

Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2009 unataka mgonjwa aliyekuwa mahututi na bado anahitaji kusaidiwa kurudi katika hali yake apimwe upya miezi miwili hadi mitatu baada ya kutoka ICU. Kama hujapangiwa tarehe, omba.

Na usishangae ukimsindikiza mama huko, ukaulizwa wewe mwenyewe siku hizi unalalaje. Waliokesha nje ya mlango wa ICU nao hupata hofu, huzuni na kukosa usingizi kwa miezi, na daktari makini atataka kujua.